Hando la Bibi Mbodze na Upele Usioisha

Nyinyi watu mmenisusa. Miezi miwili nimekaa hapa Ganda nikingoja barua zenu za kujibu katika gazeti hili, na iliyofika ni moja tu, ya bwana aliyeuliza kama ni vibaya kumnunulia mke saa ya mkono kabla ya mama mkwe, na huyo nilimjibu kwa neno moja. Mnapita nje ya ua wangu mkiniamkia mbio mbio, "Shikamoo Bi Kahonzi, tutaonana," halafu hatuonani. Shida mnazo, nazisikia sokoni kila siku. Mnazifuga kama majipu, hamji mpaka yapasuke.

Basi mmoja wenu amepata akili, ingawa kachelewa. Barua yake nimesomewa mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika, mara ya pili nikacheka mpaka nikashika mbavu. Isomeni nanyi, kisha mtanikuta chini yake.

*

Bi Kahonzi, shikamoo.

Naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke, au kama ni lazima ucheke basi cheka kwa ndani. Mimi ni mama wa miaka ishirini na saba, nakaa Kisumu Ndogo hapa Malindi na mume wangu Kenga, na kazi yangu ni udobi katika hoteli moja ya watalii huko Watamu, nakunja shuka toka asubuhi mpaka saa kumi, shuka nyeupe pe pe pe, na ndiyo maana jambo hili linaniuma kuliko lingemwuma mtu mwingine, kwa sababu, Bi Kahonzi, nina upele.

Nianze mwanzo usije ukanifikiria vibaya. Bibi yangu mzaa baba, kwetu twamwita hawe, jina lake Mbodze, yuko katika nyumba ya wazee ya kanisa, mwaka wa pili huu. Si kwamba tulimtupa, macho yake yameingia ukungu na alikuwa akiishi peke yake huko mashambani na mara mbili aliukanyaga moto wa mafiga, na mimi chumba changu ni kimoja na kitanda kimoja, na baba zangu wadogo wametawanyika kila mmoja na lake. Kila Jumamosi nilikuwa nikimwendea, namsugua miguu kwa mafuta ya nazi, namsuka nywele, tunakaa mkono kwa mkono hata saa tatu nzima tukisengenya watu ambao wengine wamekwisha kufa, na nikirudi nyumbani najisikia nimekuwa mtu.

Baada ya Krismasi nyumba ile ikaingiwa na upele. Wazee ni kumi na wanane, na kufikia mwezi wa pili wote walikuwa wanajikuna, ukiingia ukumbini unasikia sauti kama ya watu wanaokuna nazi. Mkuu wa nyumba ni Mama Nyakio, mtu wa bara lakini anawapenda wale wazee kama waliomzaa, akaleta dawa ile nyeupe ya kupaka, wazee wakavuliwa nguo chumba kwa chumba, wakapakwa kwa burashi toka shingoni mpaka nyayoni, na nguo zote na shuka zote zikatiwa katika mapipa ya maji yanayotokota. Mzee mmoja aitwaye Mwambire alipopakwa akasema, "Mama Nyakio, kuta umemaliza, mbona dari umeiacha?" na akaelekeza kidole kwenye upara wake, na nyumba nzima ikacheka, hata hawe ambaye dawa ilikuwa inamwasha alicheka mpaka akakohoa.

Sasa sikiliza kosa langu. Hawe ana hando lake, wewe unalijua hando, lile vazi la bibi zetu, kitambaa cheupe cha marinda mengi mengi kiunoni. Marinda ya hando hili alikunjiwa na mke mwenza wake. Waligombana miaka ishirini, hawasemezani, wanachota maji kisima kimoja kila mtu kageuka upande wake, na siku walipopatana yule mwenzake hakusema samahani wala nini, alikaa chini wiki nzima akamkunjia hando rinda moja moja. Sasa amekufa. Hawe kwa macho yale hawezi kukunja tena, na mimi najua kukunja shuka za hoteli tu, na maji ya moto yakilipata marinda yote yanafumuka. Siku ya dawa alinishika mkono akaniambia, "Mjukuu wangu, hawa watu wanakwenda kumwosha mke mwenzangu."

Ningefanya nini, Bi Kahonzi. Nikalitia hando kikapuni, nikafunika kwa mihogo, nikatoka nalo langoni nikimwamkia mlinzi vizuri sana, likalala chini ya kitanda changu siku mbili, na siku ya tatu nikalirudisha. Baada ya mwezi upele ukarudi. Dawa ikaletwa tena, mapipa yakawashwa tena, na mimi na kikapu changu tena. Ukarudi tena. Na wakati huo mimi mwenyewe nimekwisha kuanza kujikuna, katikati ya vidole na kiunoni, na Kenga naye, yeye anaamini nimeutoa hotelini kwa Wazungu na mimi nimemwacha aamini hivyo, na juzi nimemkuta dukani akiwatangazia watu kwamba Wazungu wote wa Watamu wana upele.

Haya, lililonifanya niandike ni hili. Mzee Mwambire, huyo wa dari, aliingia katika nyumba ile wiki moja kabla ya upele. Katoka Marereni, alifanya kibarua cha chumvi maisha yake yote, hana mke wala mtoto, na ngozi yake imepasukapasuka kwa maji ya chumvi, basi wahudumu wakaangalia ngozi ile wakasema ni yeye aliyeuleta. Wamemhamishia stoo ya kuni. Anakula peke yake kwa sahani iliyotiwa rangi nyekundu ili isichanganyike na nyingine. Na kamati ya kanisa imeamua kwamba Jumatatu ya mwisho wa mwezi huu arudishwe Marereni kwenye kibanda alikotolewa, kibanda kisicho na mlango, na huko hana wa kumpikia.

Siku ya mwisho niliyokwenda nilipita mbele ya stoo ile nikamkuta amekaa juu ya kuni, akaniuliza, "Mama, huko ndani wameacha kujikuna?" Nikamwambia bado. Akasema, "Basi mdudu wangu ana miguu mirefu kuliko mimi." Akacheka. Mimi sikuweza kucheka, na tangu siku ile sijakwenda tena, hii ni wiki ya tano, siwezi kupita mbele ya macho yake.

Nikisema, hando litachemshwa na hawe hatanisamehe, Mama Nyakio atanifungia lango, na hotelini wakijua dobi wao ana upele siku hiyo hiyo sina kazi. Nisiposema, mzee yule anakwenda kufia Marereni kwa ajili ya marinda. Nifanye nini, Bi Kahonzi.

Ni mimi,
Mwenye Haya, Kisumu Ndogo

*

Marahaba, Mwenye Haya. Haya hiyo ungekuwa nayo ile siku ulipofunika hando kwa mihogo ingekufaa zaidi.

Nianze na lililoniudhi kuliko yote, na si hando. Wiki tano. Wiki tano hujakanyaga kwa bibi yako wala hujampelekea neno. Hebu fikiri. Mtu mwenye ukungu machoni hamwoni mgeni akija, humsikia. Kila Jumamosi bibi yako anasikiliza nyayo za watu langoni, hizi si zake, hizi si zake, hizi nazo si zake, mpaka walete chai. Kama ungekufa angeambiwa. Kama ungesafiri angeambiwa. Sasa hakuambiwa kitu, kwa hiyo amebaki kujiuliza amekukosea nini. Kumpeleka katika nyumba ile sikulaumu hata kidogo, mtu anayekanyaga moto hakai peke yake, na chumba kimoja ni chumba kimoja. Kukaa mbali ukiwa unajikuna nako sikulaumu, huo ni uungwana. Ninalolaumu ni kukaa mbali kimya. Ungetuma mtu aseme, "Mjukuu wako ana upele, akipona anakuja," basi ungekuwa umefanya jambo la maana. Wewe ulifanya jambo lile lile kwa uoga, likaharibika.

Sasa upele wenyewe. Mimi sikusoma, na mambo ya wadudu wasioonekana sipendi kuyasema kwa kubahatisha, kwa hiyo nilimwita Bwana Afya, Musembi, yule Mkamba mrefu anayezunguka na baiskeli akikagua vyoo vya watu. Nikampa uji, nikamkalisha, nikamwuliza.

"Mwanangu, huyu mdudu wa upele anakaa wapi?"

"Ndani ya ngozi ya mtu, Bibi. Anachimba kijia, anataga humo humo."

"Na akiangukia nguoni?"

"Akikosa ngozi ya mtu, siku mbili tatu anakufa."

"Anakufa na nini?"

"Njaa na ukavu, Bibi."

"Basi mapipa ya maji ya moto ya nini?"

Musembi akaweka kikombe chini akacheka. "Ni kwa ajili ya haraka. Shuka zinatakiwa usiku ule ule, hazingoji siku tatu. Lakini nguo isiyochemshika ifunge katika mfuko wa nailoni, kaza mdomo, iweke kando wiki moja. Hakuna mdudu atakayetoka humo akiwa hai."

Umesikia? Wiki moja katika mfuko. Hakuna maji, hakuna moto, na hakuna rinda hata moja litakalofumuka. Mke mwenza wa bibi yako atabaki pale pale kiunoni alipo. Mimi nakuongezea ziwe siku kumi, kwa sababu napenda kuhakikisha, na bibi yako kwa siku kumi avae leso kama sisi wengine. Ungemwuliza mtu mmoja tu mwezi wa pili, ungeambiwa hivyo mwezi wa pili.

Nikamsimulia Musembi habari yako yote, jina lako silijui kwa hiyo sikulitaja, na nilipofika kwenye kikapu nilidhani atatikisa kichwa juu ya hando. Hakutikisa. Aliniuliza jambo jingine kabisa.

"Huyo mjukuu, siku wazee walipopakwa dawa, yeye alipakwa?"

Nikasema, "Yeye ni mgeni, apakwe kwa nini?"

"Anakaa saa tatu akimsugua bibi miguu, mikono ndani ya mikono?"

"Ndiyo."

"Na anajikuna?"

Hapo, Mwenye Haya, acha kujikuna kidogo unisikilize.

Musembi anasema mdudu huyu hapandi sana nguo. Njia yake kubwa ni ngozi kwa ngozi, mtu na mtu, tena kwa muda, si kupeana mkono mara moja na kwenda zako. Hando lilikaa chini ya kitanda siku mbili, wadudu wake wengi walikuwa wamekwisha kufa humo au wako taabani. Mdudu aliyekuwa mzima na mwenye nguvu ni yule wa mwilini mwako. Ulichukua upele kwa bibi yako kabla ya dawa, na baada ya dawa, bibi akiwa amekwisha kusafishika, ukaja Jumamosi na mafuta yako ya nazi ukamrudishia. Hando umelisingizia, mjukuu wangu. Kutwa unaliogopa kikapuni, kumbe mzigo uliuvaa.

Lakini usije ukajivuna ukadhani upele wa wazee kumi na wanane umeletwa na wewe peke yako. Jumanne nilijikokota mwenyewe kwenda kumwona Nyakio, kwa sababu gazeti hili linatoka Ijumaa na Mwambire anaondolewa Jumatatu, na siwezi kukaa hapa Ganda nikingoja wino ukauke. Nikamkuta akihesabu shuka.

Nikamwambia, "Mama, huyo mzee wa Marereni asiondolewe."

"Bibi, kamati imekwisha kuamua. Nami nina wazee kumi na saba wa kuwalinda."

"Tangu umtie stoo ya kuni ni muda gani?"

"Wiki sita."

"Na hao kumi na saba, wameacha kujikuna?"

Alikuwa amesimama pale ameshika shuka, na mkono wake mwingine ukaenda wenyewe kwenye kiwiko ukaanza kazi. Mimi nikautazama ule mkono. Naye akautazama. Tukatazamana.

"Nyakio, mwanangu," nikasema, "wewe ulipakwa dawa?"

"Mimi ni mhudumu, Bibi."

"Mdudu amekuomba kitambulisho?"

Akaketi juu ya godoro akacheka mpaka machozi, kisha machozi yakawa machozi kweli, kwa sababu ni mwezi wa tatu anajikuna kwa siri akivaa sweta la mikono mirefu katika joto hili la Malindi, akiogopa watasema mkuu wa nyumba ni mchafu. Ameniruhusu kulisema hapa. Mpishi naye anajikuna. Wahudumu wawili wa kuogesha wazee wanajikuna. Kila mtu amejificha nyuma ya mgongo wa Mwambire, mzee wa watu, na mgongo wenyewe mwembamba.

Kwa hiyo wote mnisikie, si Mwenye Haya peke yake. Upele si uchafu. Musembi amenihakikishia kwamba mdudu huyu anampenda anayeoga mara tatu kwa siku sawasawa na asiyeoga. Nyumba ya wazee ni mahali pazuri kwake kwa sababu mzee haogi mwenyewe, huogeshwa, hageuki mwenyewe, hugeuzwa, na mikono inayomgeuza huyu ndiyo inayokwenda kumgeuza yule. Unamfukuza mdudu kutoka kwa watu kumi na wanane, anakungoja kwa mhudumu mmoja. Dawa ikipakwa kwa wazee bila wahudumu ni sawa na kufagia ua huku mwenzio anamwaga takataka nyuma yako.

Jumatatu hii, basi, itakuwa hivi. Nyakio amekubali na Musembi analeta dawa. Watapakwa wazee wote na Mwambire ndani yao, wahudumu wote, mpishi, mlinzi, na kila mgeni aliyekuwa akiwashika wale wazee tangu Krismasi, pamoja na anayelala naye nyumbani. Wote siku moja. Anayesema "mimi siwashwi" apakwe mbele ya wengine, kwa sababu Musembi anasema mtu huweza kukaa na mdudu mwezi mzima kabla ya kuanza kuwashwa. Kucha zikatwe kwanza. Dawa iingie katikati ya vidole, chini ya kucha, makwapani, kiunoni, na huko ambako mnaona haya. Na kwa wazee ipande mpaka kichwani na nyuma ya masikio, macho na mdomo viepukwe, kwa sababu kwa mtu mzima sana mdudu hupanda hata huko. Kumbe yule mzee alipouliza habari ya dari alikuwa na akili kuliko nyinyi wote. Dawa ilale mwilini mpaka kesho yake, na baada ya wiki moja mrudie tena, wote, bila kuhesabiana nani amepona.

Na kitu kingine kinachowapoteza watu. Mdudu akishakufa, mwili haujui. Utaendelea kuwasha wiki mbili tatu, hata nne, kama mlango unavyoendelea kutikisika baada ya mtu kuubamiza. Msianze kupiga kelele kwamba upele umerudi na kutafuta mzee mwingine wa kumtia stoo. Ngojeni. Mkiona vipele vipya baada ya mwezi, hapo mwiteni Musembi.

Narudi kwako, Mwenye Haya.

Kenga mwambie leo. Mwambie ulikotoa upele, na mwambie arudi dukani akawafute Wazungu wa watu jina baya alilowapaka, na Jumatatu aje nawe apakwe. Akinuna, mpe burashi akupake mgongo, hakuna mwanamume anayeendelea kununa akipaka mtu mgongo. Kama una mimba, au una mtoto anyonyaye, mwambie Musembi kabla hujaigusa dawa, yeye atakupimia inayokufaa.

Hotelini usiende Jumatatu. Shuka zenu zinapita katika mashine ya maji ya moto na pasi kubwa, mdudu hapiti hapo akiwa hai, kwa hiyo watalii wako salama na usijitie hofu ya bure. Lakini wale wenzako mnaokunja nao shuka mmoja huku mmoja kule mpaka mikono ikutane katikati, hao waambie. Na msimamizi wako mwambie kwa maneno mafupi: nilipata upele nikimwuguza bibi yangu, nimetibiwa, Bwana Afya amenikagua. Musembi atakuandikia karatasi, nimekwisha kumwambia, na mtu aliyekaa na dawa mwilini usiku mmoja haambukizi tena. Mwenye hoteli akikufukuza na karatasi ile mkononi, njoo Ganda tukae tufikiri, mimi ninaye binamu jikoni kwao na mdomo ninao. Lakini sidhani. Dobi anayesema ana upele ni bora kuliko dobi anayenyamaza, na msimamizi mwenye akili anajua hilo.

Hando usilitoe tena kwa mihogo. Mwambie Nyakio, "Hili ndilo nililolificha mara mbili," mwonyeshe marinda yake, mweleze nani aliyeyakunja. Nyakio si jiwe. Mtalitia mfukoni mkiwa wote watatu, bibi yako akiushika mdomo wa mfuko kwa mkono wake mwenyewe mnapoufunga, ajue liko wapi na linatoka lini. Mtu asiyeona hufichwa vitu vingi, usimwongezee.

Sasa limebaki lile zito, nami nimelifanya nusu. Nyakio amenipa ahadi kwamba Mwambire hatoki Jumatatu. Atazungumza na kamati, na kamati ikikataa nitakwenda nikakae chini katika kikao chao mpaka wanipe kiti na kunisikiliza. Lakini kuna nusu siwezi kukufanyia. Yule mzee amekaa juu ya kuni wiki sita akiamini ndiye aliyewatia wenzake upele. Anatania, ndiyo, lakini mtu akila peke yake kwa sahani nyekundu wiki sita, ule utani si wa furaha, ni wa kujizuia asilie. Nyakio anaweza kumrudisha kitandani kwake. Hawezi kumtoa lile neno moyoni, kwa sababu hakulitia yeye peke yake. Wewe ulijua, ukapita.

Siwezi kukuambia atasema nini. Huenda akakasirika, ana haki yake. Huenda akanyamaza, na hiyo ndiyo itakuuma zaidi. Utavumilia vyote viwili.

Basi Jumapili, baada ya kanisa, nenda. Bado hujapakwa dawa, kwa hiyo mikono yako iweke nyuma, usimguse mtu, hata bibi yako akikunyooshea wake mwambie kwa nini. Lakini ukiingia langoni usianzie kwake. Atakusikia nyayo, atakuita, nawe mwitikie kwa sauti, "Nakuja, hawe," ukipinda kuelekea stoo ya kuni. Keti chini, si juu ya kuni, chini, umtazame Mwambire usoni, umwambie ni wewe. Usilie, atalazimika kukubembeleza na hiyo si kazi yake. Akianza kukutania, mwache akutanie mpaka achoke mwenyewe.